Bahari yaniita kila alfajiri, mavyaa asema nina jini

BARUA

Assalaam alaykum Bi Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, nakaa Bamburi. Kazi yangu ni ya karai: viazi, bajia na kachri, kuanzia alasiri mpaka watu watoke msikitini baada ya isha. Mume wangu yuko bandarini, kazi ya zamu. Tunakaa na mamake, ambaye tangu niolewe hajanitenga na binti zake wa kuzaa. Ndiyo maana barua hii imenichukua wiki tatu kuiandika.

Mwaka jana magoti yalinigomea. Ikifika usiku miguu imeumuka kama mahamri. Daktari akaniambia nipunguze uzito, nitembee, na nikiweza niwe naingia majini, kwani humo magoti hayabebi mzigo. Nilicheka. Mtoto wa Pwani mimi, lakini mara ya mwisho kuingia baharini nilikuwa na miaka kama kumi, kabla sijaambiwa kwamba sasa nimekuwa mkubwa. Kaka zangu wakaendelea kuogelea, mimi nikabaki kuwashikia nguo.

Nikaenda siku moja baada ya sala ya alfajiri, nimevaa dera langu, maji ya magotini tu. Siku ya tatu yakafika kifuani. Wiki ya pili mwili ukakumbuka kuelea. Sijui nikuelezeje, Bi Somo. Nililala chali nikaiachia shingo, maji yakaingia masikioni, dunia nzima ikanyamaza. Hakuna karai, hakuna mteja anayedai chenji, hakuna karo. Nilijikuta nalia, na ukiniuliza nilikuwa nalia nini, sina jibu.

Tangu hapo situlii. Nisipokwenda nakuwa kama mtu aliyekosa chai ya asubuhi, kichwa kizito na maneno makali. Jioni nakaanga viazi huku mawazo yako majini. Nikipanda matatu kwenda mjini, tukifika daraja la Nyali nageuza shingo kutazama maji mpaka yaishe.

Sasa maneno yameanza. Jirani mmoja alimwuliza mume wangu kwa mzaha, "Mkeo kila alfajiri ana ahadi na nani huko pwani?" Mume wangu ananiamini, lakini ule mzaha ulimkaa. Mavyaa yeye hakufanya mzaha. Aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akasema nimepandwa na jini la baharini na nisipopungwa mapema litanichukua moja kwa moja. Kuna mganga anamjua. Ameshauliza hata gharama: mbuzi, ubani, udi na shuka jipya.

Nashindwa kumjibu kwa sababu najua hofu yake ilikotoka. Mdogo wake wa kiume alikufa Mtongwe, mwaka 1994, feri ilipopinduka. Tangu siku hiyo hajatia hata unyayo baharini. Tukivuka Likoni hufumba macho, anasoma nyiradi mpaka tufike ng'ambo.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi uliopita nilielea nikajisahau. Nilipofumbua macho, pwani ilikuwa mbali na minazi imekuwa midogo. Wavuvi wawili waliokuwa kwenye mtumbwi walinipigia kelele, wakaninyooshea kasia nishike, wakanirudisha. Kilichonitisha zaidi ni kwamba mimi sikuwa nimeogopa. Nilikuwa nimestarehe. Tangu siku ile najiuliza kama mavyaa hasemi kweli.

Binti yangu wa miaka 12 ananiona narudi na nguo mbichi, anataka nifuatane naye. Namwambia angoje.

Nisaidie. Kinachonivuta ni nini? Nina kasoro? Na mavyaa nimjibuje bila kumvunjia heshima?

Mpenda Maji, Bamburi

Tena: hii chumvi inanikausha nywele mpaka zinakatika. Hilo nalo lina dawa?

JIBU LA SOMO

Wa alaykum salaam mwanangu,

Nianze na ule mtumbwi. Wewe umeuweka karibu na mwisho wa barua, kama mtu anayeficha noti kwenye pindo la leso, lakini mimi naona ndio wa kwanza.

Kaa peke yako, ujiulize, na ujijibu kweli: siku ile ulipokuwa unaelea, ndani yako kulikuwa na sauti yoyote iliyotaka usirudi? Kustarehe na kutaka kupotea ni mambo mawili mbalimbali, ila mtu akiyatazama kwa nje yanafanana. Kama jibu ni ndiyo, hata ndiyo ya kunong'ona, mwambie mumeo leo, kisha umrudie daktari yule yule aliyekutuma majini umweleze na hili. Ni ugonjwa kama ugonjwa wa magoti, una watu wake wanaoutibu. Mpaka hapo usiingie baharini peke yako.

Kama jibu ni hapana, kwamba ulistarehe tu na maji yakakubeba, basi hukuchukuliwa na jini. Ulichukuliwa na maji kupwa. Jambo hilo lina saa zake, nitakueleza.

Sasa, kinachokuvuta.

Wewe unasimama mbele ya karai la moto saa tano, sita, kila siku ya Mungu, kwa miguu ile ile. Mwili wako haujawahi kupumzishwa uzito wake ila ukiwa umelala, na hata kitandani godoro linakusukuma mahali pamoja pamoja: bega, nyonga, kisigino. Ukiingia baharini maji yakafika kiunoni, miguu inabakia kubeba kama nusu ya uzito wako. Yakifika shingoni, inabeba kama sehemu moja tu ya kumi. Fikiria mama wa kilo themanini anayesimama juu ya magoti yake kwa kilo nane. Mgiriki Archimedes aliieleza kanuni yake zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: kitu kikiingia majini kinasukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyahamisha. Na maji ya bahari yana chumvi, lita moja ina kama gramu 1,025, ndiyo maana unaelea baharini kwa urahisi kuliko kwenye bwawa la hoteli. Hapo hakuna siri. Mwili wako umeonja kutobeba, nao una haki ya kuulizia tena.

Kuna na miguu iliyoumuka. Maji yanakubana, na kadiri yanavyokwenda chini ndivyo yanavyobana zaidi, kwa hiyo miguuni ndiko yanakokamua kwa nguvu. Maji yaliyotuama kwenye vifundo yanapandishwa, damu inarudi kifuani kwa wingi, moyo unajaa vizuri. Mwili nao unadhani umezidiwa na maji, unaziagiza figo ziyatoe. Ndipo baada ya muda mfupi unataka kukojoa, hali ulikwenda msalani kabla ya kutoka nyumbani. Nimelisema hili kwa sababu nina yakini limeshakupata, na nina yakini zaidi kwamba mganga angelihesabu ni dalili.

Halafu joto. Maji huchukua joto la mwili kwa kasi mara kama 25 kuliko hewa iliyotulia. Bahari yetu hapa Mombasa ina nyuzi kati ya 25 na 29 au hapo karibu, ambazo ni chini ya joto la ngozi yako, kwa hiyo inakupoza taratibu bila kukutetemesha. Mtu wa nchi za barafu anaingia maji yake akipiga meno. Wewe umepewa bahari iliyokorogwa kama uji wa mgonjwa, vuguvugu ya kiasi. Mwanamke anayechomwa na mafuta ya moto kutwa asipoipenda hiyo, hapo ndipo ningeuliza ana nini.

Na ile dunia kunyamaza? Ukitia uso majini ukazuia pumzi, mapigo ya moyo hupungua yenyewe. Wanyama wote wanaonyonyesha wamepewa hilo, sili na nyangumi zaidi yetu, maana wao wanapiga mbizi kutafuta riziki. Sisi tumebakishiwa kidogo. Pia ukiogelea huwezi kupumua ovyo kama unavyopumua ukigombana na mteja. Inabidi pumzi ije kwa zamu, toa, vuta, toa. Masikio yana maji, macho yanatazama mbingu, mkononi hakuna simu. Wewe niambie, ni lini mara ya mwisho ulikaa nusu saa bila mtu yeyote kukuita "mama"? Sehemu ya kinachokuvuta ni maji, na sehemu nyingine, samahani kwa kusema, ni upweke mtamu ambao nyumba yako haina mahali pa kukupa. Huenda ndio uliolia kwa ajili yake.

Utawasikia watu wakisema tunapenda maji kwa sababu tulielea tumboni mwa mama miezi tisa. Maneno matamu, lakini sijaona anayekumbuka. Kuna na mtaalamu wa viumbe wa bahari wa Uingereza, Alister Hardy, aliyetoa wazo mwaka 1960 kwamba mababu wa binadamu waliwahi kuishi nusu maisha yao majini, ndiyo maana hatuna manyoya na tuna mafuta chini ya ngozi. Wanasayansi wengi hawakulikubali na mimi silitii kwenye kapu langu. Sihitaji kwenda mbali hivyo. Natazama hapa hapa kwetu: mtoto akizaliwa anaogeshwa, bi harusi anasingwa na kuogeshwa, mtu akifa anaoshwa, na kati ya hayo mara tano kwa siku tunatawadha. Kilindini jina lake limetoka kwenye kilindi. Wazee wetu walikuwa na siku yao ya Mwaka, Nairuzi, wanateremka pwani kuoga mwaka, na Makunduchi, kule Unguja, bado wanausherehekea kila Julai. Hapo mji mzima ulikuwa unaitwa na bahari, na hapakuletwa mbuzi wa mtu mmoja mmoja.

Mimi mwenyewe nilizaliwa Mji wa Kale. Kaka zangu walikuwa wakijirusha Bandari ya Kale wakitoka chuoni, sisi wasichana tuko kwenye ngazi na leso zetu, tunahesabu nani amekaa chini zaidi. Nimejifunza kuelea nina miaka hamsini na ushei, na mpaka leo kuogelea kwenyewe sijui, naelea tu kama ganda la dafu. Kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa pembeni.

Turudi kwenye maji kupwa, hapa nataka unisikilize kuliko kwingine kote.

Unakwenda baada ya sala ya alfajiri, na hiyo saa wewe umeichagua kwa ajili ya stara. Ni sawa. Lakini bahari haifuati saa yako, inafuata mwezi. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa sana na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuzunguka mwezi mosi na mwezi kumi na tano kwa hesabu yetu ya Kiislamu. Siku hizo hapa Mombasa maji hujaa kwenye saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, yakapwa kwenye saa nne. Wewe unafika pwani saa kumi na mbili, unayakuta mengi, yametulia, yanapendeza, kumbe yameshaanza safari ya kutoka. Na siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa hupita mita tatu. Maji yote hayo yaliyo ndani ya mwamba, kati yake na mchanga wa Bamburi, yanatafuta mlango wa kutokea. Ongeza na umande, ule upepo wa bara unaovuma alfajiri kuelekea baharini. Mtu aliyelala chali, amefumba macho, masikio yana maji, ni sawa na ganda la nazi. Atakwenda yanakokwenda.

Kila siku saa za maji husogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki moja ni maji mafu, yaani yanajaa na kupwa kidogo tu, na saa ile ile ya kumi na mbili utayakuta yanaingia, tena kwa mwendo wa pole. Hizo ndizo siku zako za kuelea. Siku za bamvua oga kwa kusimama, maji ya kifuani, ukikunja magoti na kutembea, basi. Kama hujui mwezi ngapi, waulize wale wavuvi. Tena nenda kawashukuru, kama hujawashukuru, ukawaulize mlango wa mwamba uko wapi, maana wao wanaujua kama unavyoujua mlango wa jikoni kwako. Na wakishakujua, watakuwa macho yako ya pili.

Ukiogelea, ogelea sambamba na pwani, usielekee nje. Ukihisi unavutwa, usipigane na maji kwa kurudi moja kwa moja mchangani. Hapo ndipo watu wenye nguvu zao wanapochoka na kufa maji. Lala chali uvute pumzi, inua mkono mmoja uonekane, kisha ukate kwa ubavu, kufuata pwani, mpaka mvuto uishe, ndipo urudi.

Halafu hilo dera. Mwanangu, dera ni vazi la baraza, la kupepea. Likijaa maji linakuwa gunia, linafunga miguu, na likipanda juu linakufunika uso. Sikwambii uvae nguo za watalii. Mpelekee fundi kitambaa kile cha nailoni kisichonyonya maji, akushonee suruali ya kubana kiasi na joho fupi la kufika mapajani, mikono mirefu. Hizo zilizoshonwa tayari ziko madukani mjini, ila bei zake zinataka karai mbili. Kichwani funga mtandio mfupi wa rangi ya chungwa, ukaze vizuri. Mweusi juu ya maji ya alfajiri hauonekani, na mtumbwi usiokuona hauwezi kukukwepa wala kukuokoa.

Sasa mavyaa.

Haya yote niliyokueleza, Archimedes na figo na bamvua, usimpelekee. Hatayasikia, na hana haja nayo. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, watu wakienda kazini, karibu kabisa na pwani. Walikufa watu 272. Mji huu ulizika mpaka ukachoka. Wako waliopatikana, wako waliongojewa siku nyingi kwenye ufuo na ndugu zao. Sijui mdogo wa mavyaa wako alikuwa katika wepi, na nadhani hata wewe hujui, maana hukuandika. Hukuandika hata jina lake. Anza hapo.

Siku moja asipokuwa na haraka, mpikie kitu anachokipenda, ukae naye, umwambie: "Mama, nataka unisimulie mjomba alikuwa mtu wa namna gani." Usitaje bahari. Mwache aseme. Akilia, mshike. Miaka yote hii amefumba macho kwenye feri, na sidhani kama kuna mtu aliyemwuliza anaona nini akiyafumba. Anapokwambia "jini litakuchukua", msikilize vizuri: anakwambia bahari imeshamchukulia mtu mmoja na hawezi kutoa wa pili. Wewe ni binti yake, umesema mwenyewe. Tena kwa siku ile ya mtumbwi, mwanangu, alikuwa amekaribia kusema kweli. Alikosea jina la mchukuzi tu.

Akishatulia, siku hiyo au nyingine, mwambie ukweli wa ule mtumbwi. Najua ni vigumu. Lakini ukimficha akaja kuusikia kwa mke wa mvuvi, hakuna neno lako atakaloliamini tena. Mwambie, kisha umwombe jambo: "Sitaki kwenda peke yangu tena. Njoo ukae mchangani unishikie leso. Nikipita ule mnazi, niite." Wewe uliwahi kuwashikia kaka zako nguo, sasa mpe yeye kazi hiyo, ila umpe na mamlaka yake. Akikuita, utoke, hata kama ndiyo kwanza umelowa. Usimbishie hata mara moja.

Sikuahidi kwamba atakubali. Anaweza kusema hatoki. Basi watafute kina mama wawili watatu wa mtaani, hawakosekani wenye magoti yao, mmoja awe nchi kavu kila wakati, macho majini, simu mkononi ya dharura na si ya kupigia picha. Mumeo naye siku asiyokuwa na zamu ateremke pwani na chupa ya chai. Jirani mwenye mizaha akiwaona mmefuatana, ataulizia kingine.

Kuhusu mbuzi. Mimi sikai kwenye safu hii nikawakejeli watu wanaopunga. Nimekulia nyumba zenye chetezo. Lakini wewe mganga utamponya nini? Hupagawi, husemi lugha usizozijua, unakwenda kwa miguu yako na unarudi kukaanga viazi. Ukipungwa leo, kesho bado magoti yatauma na bado bahari itakupoza. Mavyaa ni mtu wa kusoma, basi somea naye Suratul Anbiyaa, aya ya 30, pale Mwenyezi Mungu anaposema amejaalia kila kilicho hai kwa maji. Pesa ya mbuzi nina matumizi yake.

Mpe binti yako. Miaka 12 ndio umri wenyewe ambao wewe ulishatolewa majini, na ona, imekuchukua miaka thelathini kurudi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu kama 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021 peke yake. Sisi tunaishi kisiwani na kandokando yake, tunavuka maji kwenda kazini na shuleni, halafu tunalea wasichana wasioweza hata kuelea, tunaita hiyo stara. Kauli inayonasibishwa na Sayyidna Umar ya kuwafundisha watoto kuogelea, kurusha mishale na kupanda farasi inajulikana na kila mwalimu wa chuo hapa mjini, lakini utadhani ilitaja wavulana peke yao. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejistiri kutoka kichwani mpaka vifundoni, na wanaogelea vizuri tu.

Usimfundishe wewe, lakini. Wewe mwenyewe bado ni mwanafunzi, na mtu anayezama humshika aliye karibu. Mtafutie mwalimu mwanamke anayejua kazi yake, kwenye bwawa kwanza, ajue kuelea, kugeuka na kuvuta pumzi kabla ya kukutana na mkondo. Watoto wanashika haraka. Kuna watu wa Bahari ya Andaman wanaoitwa Wamoken, ambao watoto wao hupiga mbizi kutafuta chaza. Mtafiti kutoka Sweden, Anna Gislén, alionyesha mwaka 2003 kwamba wanaona chini ya maji zaidi ya mara mbili kuliko watoto wa Ulaya, kwa kuibana mboni ya jicho. Baadaye ikaonekana watoto wa Ulaya wakifunzwa nao wanaweza. Wa Bamburi atashindwa na nini?

Na siku hiyo ikifika, bibi yake awepo pale ukingoni, ikiwa atataka. Msimlazimishe.

Ama nywele, kabla hujatoka nyumbani zilowanishe kwa maji ya bomba, zikishakunywa maji matamu hazitakuwa na nafasi kubwa ya kunywa ya chumvi. Kisha paka mafuta ya nazi, ya kukamua mwenyewe kama unayo, kuanzia nchani kwenda juu, suka mabutu mawili, funga mtandio. Ukirudi zisuuze papo hapo, usingoje mpaka umalize kumenya viazi.

Wako,
Somo